Bafa, Bafu na Benchi Langu

Mkuu wa masjala alinidhulumu. Nalisema hilo mwanzo kabisa ili mtu asije akasoma huku akidhani nina kisirani tu. Alinishika mkono, akakikandamiza kidole gumba changu kwenye pedi ya wino, akakibandika chini ya karatasi aliyoniambia ni fomu ya likizo. Haikuwa ya likizo. Ilikuwa barua ya kukiri kwamba mimi, mhudumu wa masjala, nilikuwa nikichomoa waya za kompyuta ya hospitali kwa makusudi, kwa wivu, ili ionekane haifai nami nirudishiwe kazi yangu. Siku hizo sikujua kusoma. Nilijua namba tu. Yeye alijua kwamba sijui, na ndiyo maana alinichagua mimi.

Namba nilijifunza kwenye vitanda. Nilianza pale hospitali nikiwa mfagiaji wa wodi, na kila kitanda kilikuwa na namba yake ukutani. Muuguzi akisema, "Kafute chini ya kumi na saba," usipoijua kumi na saba utafuta wodi nzima. Nikaijua. Herufi hakuna aliyenipa. Baba yangu alisomesha wanaume, akasema sisi wasichana tutasomeshwa na waume zetu. Mume niliyempata naye hakuwa amesoma, basi tukakaa hivyo hivyo, naye akafa hivyo hivyo.

Kutoka wodini wakanihamishia masjala, kwenye mafaili ya wagonjwa. Faili halikuhitaji herufi, lilikuwa na namba mgongoni. Chumba chenyewe kilikuwa kirefu kama ukumbi, rafu mpaka darini, mafaili elfu kumi na nane. Mbele kulikuwa na dirisha ambako makarani waliwapokea wagonjwa. Karani akisoma namba kwa sauti, mimi naenda kulitoa faili. Kutoka dirishani mpaka rafu ya mwisho ni hatua sitini na mbili. Nimezihesabu mara nyingi kuliko nilivyohesabu wanangu.

Mwaka wa kwanza niliinuka kwa kila faili. Nilirudi nyumbani miguu imevimba kama mikate. Kisha nikaona kitu ambacho hakuna aliyenionyesha. Mgonjwa wa kidonda aliyekuja leo kubadilishwa bandeji atakuja kesho, na keshokutwa. Mama mjamzito akianza kliniki utamwona mpaka azae. Lakini yuko mwingine anakuja mara moja, anang'olewa jino, humwoni tena miaka sita. Sasa kwa nini nikirudishe kila kitu mwisho wa ukumbi, halafu kesho nikakifuate tena?

Nikaokota benchi bovu lililotupwa kutoka chumba cha wagonjwa, nikaliweka kando ya dirisha. Faili likishatumika, silirudishi rafuni. Nalilaza benchini. Likiitwa tena, nanyoosha mkono tu. Benchi lilibeba mafaili mia na ishirini. Likijaa, naangalia lile ambalo limelala siku nyingi bila kuitwa, hilo ndilo linarudi rafuni, na jipya linachukua nafasi yake. Basi. Hakukuwa na siri nyingine. Siku ya Jumanne, ambayo ni ya wagonjwa wa sukari, katika mafaili mia niliyoitwa niliinuka mara nane au tisa.

Jambo moja zaidi nalitaja hapa kwa sababu litarudi. Kila mwisho wa mwezi mkuu wa masjala alitaka mafaili yote yahesabiwe. Yote, wazima kwa wafu. Tuliyatoa rafu kwa rafu, karani anaweka alama, yanarudi. Hayo sikuyagusisha na benchi hata kidogo. Makarani wakitaka kuyalaza pale nilipiga kelele: "Hao wapita njia! Usiwakalishe!" Waliokuwa benchini niliwaita wenyeji. Ungewaondoa wenyeji ili uwakalishe wapita njia, saa mbili dirisha likifunguliwa ungekuwa na benchi lililojaa watu waliokwisha kuzikwa, na mama mjamzito anasubiri.

Mkuu wa masjala alinipa jina la Mama Benchi. Alilitoa kwa dhihaka mbele ya wageni. "Huyu hapa ndiye Mama Benchi, ameolewa na mbao." Walicheka. Nami nilicheka, maana mshahara ulikuwa mikononi mwake.

Miaka kumi na tisa ikapita hivyo. Ndipo ikaja kompyuta.

Ilikuwa moja kubwa, imefungiwa kwenye kijichumba tulichokuwa tukiwekea ndoo na mafagio, na waya zikatoka humo mpaka kwenye skrini tatu za dirishani, na ya nne ya mkuu mwenyewe, nyuma ya makarani. Mafaili yote yaliingizwa humo. Mkuu aliwaahidi wakubwa wake kwamba mgonjwa hatasubiri zaidi ya dakika tatu, akapigwa picha amesimama kando ya mashine kama bwana harusi. Benchi langu likatupwa nje nyuma ya chumba cha dobi, likanyeshewa mvua. Mimi nikaambiwa nifagie sakafu ile ile niliyokuwa nikitembea na mafaili.

Baada ya mwezi mmoja foleni ilifika getini. Karani anaandika namba, anangoja. Anakuna kichwa. Anangoja. Mgonjwa anasema, "Dada, umenisahau?" Karani anajibu, "Mimi sijakusahau, mashine ndiyo imekusahau." Wazee wakaanza kunitafuta kwa macho wakiuliza, yule mama wa mafaili yuko wapi?

Swali hilo ndilo lililoniponza. Mkuu alihitaji mtu wa kubebeshwa mzigo, na karani mmoja alikuwa ameniona nimeinama karibu na waya nikipangusa vumbi. Hilo lilimtosha. Akaniita ofisini kwake, akanikaribisha kiti kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mama, umechoka. Nimekuombea likizo. Weka dole gumba hapa."

"Ya siku ngapi, mzee?"

"Nyingi tu. Weka."

Nilinyoosha mkono, akanishika, akakikandamiza kidole mwenyewe. Hata nilimshukuru. Kesho yake nikapewa ndoo na brashi, nikaambiwa kituo changu sasa ni mabafu na vyoo vya wafanyakazi, na kwamba baada ya miezi mitatu kikao cha nidhamu kitaamua kama nifukuzwe, kwa kuwa nimekiri mwenyewe. Nilipouliza nimekiri nini, mlinzi ndiye aliyenieleza, huku akiangalia pembeni kwa aibu.

Nyumbani nilimweleza dada yangu, ambaye naishi naye.

"Ukaweka dole kwenye karatasi usiyoijua?" aliuliza. "Si ungemwambia akusomee kwanza?"

"Alinisomea."

"Alikusomea nini?"

"Likizo."

Dada alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha kicheko kikageuka, akalia, akanipa mgongo ili nisimwone. Miaka kumi na tisa, na nilibakiza mwaka mmoja tu nipate kiinua mgongo changu na cheti cha utumishi mwema. Mtu aliyefukuzwa kwa kuharibu mali ya hospitali hapewi hata kwaheri. Lakini naapa, kilichoniuma zaidi ni jina. Mjini kote watu walinijua kwa kitu kimoja tu, kwamba sipotezi faili la mtu. Sasa nilikuwa mwizi wa afya zao.

Nilisugua mabafu wiki saba. Wiki ya nane akaja fundi.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mnene kidogo, mkimya, anavaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Hospitali ilimwita kutoka nje baada ya mkuu kushindwa. Kile kijichumba cha mashine kilitazamana na mabafu yangu, na kwa sababu ya joto aliacha mlango wazi. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ndoo yangu, akibonyeza vitufe siku nzima. Siku ya pili nikamsikia anaongea kwa simu, tena kwa sauti.

"Bafa ni ndogo mno! Hospitali nzima hii, bafa ndogo namna hii? Aliyeipima alikuwa anafikiria nini? Lazima niipanue."

Niliweka brashi chini. Kwanza nilijisemea kwamba huyu pamoja na usomi wake hata Kiswahili kinampiga chenga, bafu ni dogo, si ndogo. Pili nilikasirika. Niliyavumilia mengi, lakini sasa hata bafu nalisingiziwa.

"Mwanangu," nikamwambia mlangoni, "bafu si dogo. Lina milango minne na nimelisafisha asubuhi hii. Kama ukubwa wako haupiti, hilo si kosa la bafu."

Akanitazama. Akatazama bafu. Kisha akacheka mpaka miwani ikaanguka, uzi na yote.

"Sijasema bafu, mama. Nimesema bafa."

"Ndiyo nini?"

"Ni kitu cha humu ndani ya mashine. Usijali."

"Najali. Nimeshtakiwa kwa ajili ya mashine hiyo. Niambie."

Labda ni uso wangu, labda ni upweke wa kile chumba. Akasogea, akanipa nusu ya ndoo nikae.

"Haya. Mashine hii inaendeshwa na mfumo unaoitwa Yuniksi. Mafaili yote ya wagonjwa yamelala kwenye diski. Diski ni kubwa lakini ni mvivu, kila ukitaka kitu lazima izunguke mpaka ikifikie. Ndiyo?"

"Rafu," nikasema. "Hatua sitini na mbili."

"Eeh, sawa, rafu. Sasa mashine ina kumbukumbu pia. Hiyo ni ndogo lakini ina haraka. Yuniksi inakata kipande cha kumbukumbu, inaweka humo yale iliyoyasoma karibuni, ili yakiitwa tena isiende diskini. Kipande hicho ndicho bafa. Na kikijaa, inatoa lile ambalo..."

"Lile ambalo limelala siku nyingi bila kuitwa," nikamalizia.

Aliondoa mikono yake kwenye vitufe.

"Nani amekwambia hivyo?"

"Hakuna aliyeniambia. Hilo ni benchi langu."

"Hebu rudia hapo, mama. Polepole."

Nikamweleza yote, kama nilivyowaelezeni ninyi. Alipotaka kujua ni mara ngapi niliinuka katika mia, nikamwambia nane au tisa. Akageuza skrini akanionyesha namba. Namba nilizijua. Mashine, katika maombi mia, ilikuwa ikiyakuta arobaini na moja tu bafani. Mara hamsini na tisa ilikwenda rafuni.

"Hamsini na tisa!" nikasema. "Miguu yake haivimbi?"

"Inavimba, mama. Ndiyo hiyo foleni unayoiona."

Siku ile niliporudi nyumbani nilimwambia dada kwamba mashine imetupa benchi langu halafu ikaenda kujitengenezea la kwake, tena dogo. Dada akasema, "Na lako lilikuwa bora?" Nikamwambia, "Kwa namba." Nilikula vizuri siku hiyo.

Kesho yake fundi akaipanua bafa. Alikuwa na hamu, akaipa zaidi ya nusu ya kumbukumbu yote. Wakati makarani wamekwenda kula akaizima mashine, akaiwasha upya. Saa nane dirisha lilipofunguliwa, ikawa balaa. Ilikuwa afadhali ya jana. Skrini ziliganda kama zimepigwa picha. Mkuu wa masjala akaja mbio, tai imemwendea upande.

"Nani ameigusa?" Aliniona na ndoo yangu. "Si nilisema? Mnamwacha huyu mama anakaa humu ndani na waya!"

"Mimi ndiye niliyeigusa, mzee," fundi akasema. "Yeye ameshika brashi."

"Brashi, brashi! Hujui watu hawa wewe."

Alipoondoka fundi alikuwa ameshika kichwa. Akasema, kama anajisemea, "Bafa ni kubwa, mafaili yamo, sasa kwa nini inakuwa nzito?"

Nikamwuliza, "Makarani wake wamekaa wapi?"

"Makarani gani?"

"Mwaka wa pili mimi nilipata tamaa. Nikaleta benchi la pili na la tatu. Mafaili yakawa mengi mkononi, nikajiona malkia. Lakini makarani wakakosa pa kuweka viti. Wakawa wanaweka karatasi zao nje kwenye korido, kila wakitaka kuandika wanatoka kuzifuata, wanaziweka chini nyingine, wanarudi. Dirisha likafa kabisa. Nikayatoa."

Fundi akajipiga paji la uso, pa!

"Programu," akasema. "Nimezinyima programu nafasi. Yuniksi inazitoa nje kwenye diski na kuzirudisha, kutwa nzima. Mama, unajua wewe ni hatari?"

"Ndivyo ilivyoandikwa kwenye barua yangu," nikamjibu.

Akapunguza. Hakubahatisha safari hii. Alipanda kidogo kidogo, siku baada ya siku, kila siku akiandika kwenye daftari mashine imekwenda diskini mara ngapi na programu zimetolewa nje mara ngapi. Aliponizoea aliniachia namba nimtajie kutoka kwenye skrini huku yeye anaandika. Alipofika karibu na theluthi ya kumbukumbu, programu zikaacha kutolewa, na mchana mashine ikawa inakuta tisini na moja katika mia. Foleni ikarudi ndani ya ukuta.

Lakini asubuhi bado. Kila asubuhi, kuanzia saa mbili dirisha linapofunguliwa mpaka karibu saa nne, mashine ilikwenda kama inabeba maiti. Kisha inaamka yenyewe. Fundi alipekua akachoka. Kikao changu kilikuwa Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. Na mkuu alikuwa ameanza kutamba koridoni kwamba asubuhi ndiyo saa ambayo Mama Benchi anapita kufagia.

Nilikuwa nasugua sinki aliponiita.

"Mama, hebu fikiria. Benchi lako linaweza kuwa bovu asubuhi tu, mchana likawa zuri?"

"Haliwezi. Labda mtu amelijaza upuuzi kabla sijafika."

Tukatazamana.

"Asubuhi kabla ya dirisha," nikauliza, "nani anaingia humo kwanza?"

Akarudi kwenye skrini, akatafuta. Midomo yake ikawa inasoma bila sauti. "Orodha kuu," akasema. "Saa moja na nusu kila siku. Inayasoma mafaili yote elfu kumi na nane, moja baada ya jingine, inahesabu. Inatoka kwenye skrini ya mkuu wa masjala."

"Kila siku? Sisi tulihesabu mara moja kwa mwezi!"

"Kwa mashine ni kubonyeza kitufe tu, kwa hiyo anabonyeza kila siku. Anapenda kuiweka mezani kabla daktari mkuu hajafika."

Nilikaa chini sakafuni, kwenye maji. Nilicheka peke yangu. "Amewakalisha wapita njia," nikasema. "Amewafukuza wenyeji wote, amekalisha wafu, halafu anafungua dirisha."

Tatizo lilikuwa hilo na hakuna jingine. Mafaili elfu kumi na nane yanapita bafani mara moja, kila moja linamsukuma mwenyeji nje, na lenyewe halitaitwa tena. Fundi aliiandika upya ile orodha ili isome diski moja kwa moja bila kupitia bafani. Alisema ameipa mlango wa nyuma. Jumatano asubuhi mashine iliamka kama kijana. Alhamisi hivyo hivyo. Tisini na sita katika mia.

Ijumaa nilivaa gauni langu la harusi ya binti wa dada. Kikao kilikuwa ofisini kwa daktari mkuu, mwanamke mwenye maneno machache ambaye sikuwahi kumwona akikaa. Mkuu wa masjala alikuja na barua yenye dole langu, akaisoma kwa sauti tamu. Ndiyo mara ya kwanza niliisikia. Humo nilijiita "mwenye husuda". Neno hilo silitumii mimi, ni la kwake.

"Na kama ushahidi," akasema, "tangu tulipomwondoa masjala, mashine sasa ni nzima."

Daktari mkuu akanigeukia. "Mama, una la kusema?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, yakapotea. Likabaki moja.

"Daktari, nimeondolewa masjala wiki kumi na mbili. Mashine imepona Jumatano hii. Hizo wiki nyingine zote nilikuwa naichomoa kutoka bafuni kwa brashi?"

Mlinzi wa mlangoni alipiga chafya ya uongo ili afiche kicheko. Mkuu akaanza kusema hili na lile, mara mashine ina mazoea, mara athari hukaa. Fundi, aliyekuwa kimya pembeni na daftari lake, akasimama.

"Daktari, maneno ya nini? Tushuke dirishani. Saa hizi kuna foleni."

Tukashuka wote. Dirisha lilikuwa linakwenda vizuri, karani anaandika namba, faili linatokea kabla hajainua kidole. Fundi akairudisha ile orodha ya zamani kama ilivyokuwa, akasogea pembeni ya skrini ya mkuu wa masjala.

"Mzee, fanya unavyofanya kila asubuhi. Bonyeza mwenyewe."

"Nini?"

"Orodha kuu. Bonyeza."

Akatutazama mmoja mmoja. Jasho lilikuwa limeshaanza juu ya mdomo. Sijui kama alijua. Mimi naamini alijua siku nyingi, maana fundi wa kwanza, yule aliyeifunga mashine, alimdokezea, hilo tulilisikia baadaye. Akabonyeza.

Haikuchukua muda. Karani wa kwanza akaacha kuandika. Wa pili akasema, "Ah, imeanza tena." Wa tatu akatazama dari. Foleni ikasimama, ikaanza kunung'unika, na mzee mmoja mwenye fimbo, nyuma kabisa, akauliza kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Ni yule mama kachomoa tena?"

"Yule mama yuko hapa, baba," daktari mkuu akamjibu. "Mikono yake mitupu. Aliyebonyeza ni huyu."

Nimezaa watoto wanne na nimeolewa kwa ngoma, lakini sijapata kusikia maneno matamu kama hayo. Wale makarani niliowabebea mafaili miaka yote walianza kupiga makofi, mmoja, kisha wote, na foleni nayo ikapiga bila kujua inapiga kwa nini. Fundi aliirudisha orodha mpya, akaonyesha namba zikipanda kwenye skrini, sabini, themanini na nne, tisini na tano, nami nikazisoma kwa sauti moja baada ya nyingine kama zamani nilipoitikia mafaili. Kisha akasema mbele ya wote, "Namba hizi nimezipanga mimi. Akili ni ya benchi la huyu mama."

Nilirudishwa masjala siku hiyo hiyo, si kufagia. Nikawekwa kiti karibu na kile kijichumba, kazi yangu ikawa kutazama zile namba kila asubuhi na kumpigia fundi simu zikishuka. Nilimaliza mwaka wangu wa ishirini, nikapata kiinua mgongo changu kamili na cheti. Fundi aliniambia kwamba ndani ya mashine, pale ukubwa wa bafa ulipoandikwa, ameacha maelezo kwa mafundi watakaokuja: usiongeze kupita hapa, makarani watakosa viti. Hawataelewa, akasema. Nikamwambia watakaoelewa wataelewa.

Mwaka uliofuata nilijiandikisha darasa la watu wazima, alasiri mara mbili kwa wiki. Dada alinitania kwamba naenda kutafuta mume mwenye herufi. Niliposoma vya kutosha nilikwenda hospitali, nikaomba kuona faili langu la utumishi. Nililijua kwa namba, mia nne na kumi na mbili. Kitu cha kwanza nilichokisoma maishani kwa macho yangu mwenyewe, kutoka mwanzo mpaka mwisho, ni ile barua. Bado imo. Dole langu limekauka chini yake, jeusi, safi kabisa.

Kikao kilinisafisha kwa mdomo. Daktari mkuu aliamuru siku ile mkuu wa masjala aandike barua ya kuifuta ile, kwa mkono wake, na iwekwe juu yake. Mkuu akasema, "Wiki ijayo, daktari." Akahamishwa kabla ya wiki ijayo, kisha akastaafu. Daktari mkuu naye hakufuatilia. Mambo mengi, nadhani, na jina la mhudumu si jambo.

Mkuu yule anaishi mtaa wa pili kutoka kwangu. Tunakutana dukani. Ananiamkia vizuri sana, "Shikamoo, mama," na mimi namshinda miaka mitatu tu. Naitikia. Halafu namkumbusha, mbele ya mwenye duka, kila mara, bila kupaza sauti. Simdai kingine chochote. Namdai mistari miwili, iliyoandikwa kwa mkono wake, inayosema kwamba nilichowekea dole sikukijua na alichokiandika hakikuwa kweli. Karatasi nimeshanunua. Kalamu ninayo mkobani. Na sasa, akiiandika, atakuta msomaji.